Daftari la Visima Nililokuficha

Wifi yangu Somoe,

Bahasha ya barua hii sijaifunga. Kaka yako ataisoma kwanza, kisha nakala moja itakwenda kwenye ile ofisi ya usalama wa mionzi uliyokuwa ukiifanyia kazi, na nyingine nitaipeleka mwenyewe kijijini, chini ya Chiwata, wakaisome watu walionishangilia. Wewe utaipata mwisho kwa sababu uko mbali kuliko wote. Lakini nimekuandikia wewe.

Nianzie shuleni, maana huko ndiko wivu wangu ulikozaliwa, ingawa wakati ule haukuwa na sababu yoyote ya kuwepo. Unakumbuka ulivyokuwa ukija kitandani kwangu bwenini na daftari la fizikia, unavua ndala, unakaa miguuni? "Zuhura, nieleze tena lile la nyaya sambamba. Mwalimu anakimbia mno." Mimi nakueleza kwa kutumia kamba ya kuanikia nguo na vibanio, wewe unacheka, halafu unaelewa. Muhula baada ya muhula mimi nilikuwa wa kwanza na wewe wa pili. Ulikuwa ukinipongeza kwa moyo mweupe kabisa. Hilo nalo lilinisumbua. Nilijiuliza huyu mtu hana uchungu?

Tulipomaliza kidato cha nne tulichaguliwa wote wawili. Mama yangu akaugua miguu, baba akasema mtoto mmoja akae karibu, na mimi ndiye niliyekuwa binti pekee nyumbani. Nikaenda chuo cha ualimu. Wewe ukaendelea mpaka chuo kikuu, ukaenda ng'ambo kusomea mionzi, ukarudi na miwani na begi la ngozi. Katikati ya hapo kaka yako akanioa, nikawa wifi yako. Uliniandikia: "Sasa hatuachani tena." Nilifurahi, Somoe. Usidhani kila kitu kilikuwa uongo.

Lakini wewe hukuwahi kukaa katika nyumba ambayo wewe mwenyewe hupo. Mimi nilikaa humo. Nyumbani Newala jina lako lilikuwa halishuki mdomoni mwa mama yako, mkwe wangu, ambaye nami namwita mama. Binti yetu Hadija akipata alama nzuri, amefuata shangazi yake. Kaka yako akiona ndege inapita juu, anauliza kama si wewe unayesafiri. Na ulipokuja likizo, wewe unajua maji ya Newala yalivyo, sisi sote tulioga kwa nusu ndoo, nusu ambayo nimeipangia foleni tangu alfajiri. Mama alikuwa akisema, "Somoe mjazieni. Ametoka mbali." Mimi ndiye niliyekujazia. Nilisimama nje ya bafu nikisikiliza maji yakimwagika chini, kata moja baada ya nyingine, nikakuchukia kwa muda wa kuoga kwako. Ulipotoka ukanishukuru, ikapita.

Ndipo ikaja habari ya kile kiwanda. Ilikuwa miaka ya soko huria, wanunuzi binafsi wa korosho wanapishana na malori yao Nanganga, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa kusikia kuwa mwekezaji mwingine amekuja. Huyu hakutaka korosho. Alitaka bonde lililo chini ya Chiwata. Madini ya urani yachimbwe huko magharibi, yaletwe kwa malori, yasafishwe hapo kwa tindikali, yakaushwe yawe unga wa manjano, yafungwe kwenye mapipa na kusafirishwa nje yakatengenezewe mafuta ya vinu vya nyuklia. Maji machafu yangebaki kwetu, katika mabwawa yaliyotandikwa plastiki nene. Kabla ya kibali kutolewa, ofisi yako ilipaswa kuhakiki maelezo yote ya usalama. Ukatumwa wewe na wenzako wawili, na sura ya ripoti inayohusu maji ikawa yako.

Ulifikia nyumbani badala ya nyumba ya wageni, kwa sababu mama alikataa ulale kwingine. Asubuhi ile unaijua. Tulikaa barazani tunachambua mbaazi, ungo katikati yetu, makaratasi yako yamebanwa chini ya jiwe yasipeperuke. Uliniambia kampuni imepima maji ya ardhini na kuyakuta mbali sana chini, na kwamba umeandika hivyo kwenye rasimu yako, lakini moyo wako hautulii.

"Walipima kiangazi," ulisema. "Wifi, wewe ulifundisha kule miaka mingi. Kuna mtu yeyote aliyekuwa akiandika kina cha visima?"

Nilichukua muda kuokota kijiwe kwenye mbaazi.

"Hakuna," nikasema. "Nani aandike?"

Ukacheka kidogo, ukasema, "Una bahati wewe, umepumzika na mambo haya."

Hukukusudia kunichoma. Najua. Lakini daftari lilikuwa ndani, kwenye sanduku langu la bati, hatua kumi kutoka tulipokaa. Nilipokuwa mwalimu kule, kila mwezi nilikwenda na wanafunzi kwenye visima vitano vya bondeni. Tulikuwa na kamba yenye mafundo na jiwe mwishoni, tunashusha, tunahesabu, tunaandika. Hakuna aliyeniagiza. Nilitaka tu watoto waone kuwa kupima ni kazi ya mtu yeyote, na nafikiri nilitaka mimi mwenyewe nijione ninafanya kazi uliyokuwa ukiifanya wewe. Katika daftari hilo ulikuwemo mwaka wa mvua kubwa, maji yalipopanda mpaka mtoto aliweza kuyagusa kwa mkono kutoka ukingoni. Plastiki ya mabwawa ingeelea kama jani.

Kwa nini sikukupa? Nimejiuliza hata nimechoka. Kama ningekupa pale barazani, ungelitia kwenye begi lako la ngozi na kuandika jina langu kwa herufi ndogo chini ya ukurasa. Mimi nilitaka nikupe mbele ya watu. Nilitaka wakuone unashindwa kujibu, na wamwone aliyekushinda.

Siku ya mkutano wa hadhara nilipanda gari la kwanza kwenda kijijini na daftari nimelifunga ndani ya kanga. Uwanja wa shule ulijaa. Ninyi wahakiki mlikaa kwenye meza, watu wa kampuni upande wa pili na ramani yao ubaoni. Ulisalimia kwa Chimakonde, kimeanza kupinda, watu wakacheka kwa mapenzi. Nikaona hata kukosea kwako kunapendwa. Mzee mmoja akasimama, akauliza, "Huo unga ukimwagika njiani, korosho zetu atazinunua nani?" Ukamjibu taratibu, bila kumdharau, ukamwonyesha mapipa yanavyofungwa na nani atawajibika, na palipokuwa na shaka ukasema pana shaka. Ulikuwa hodari. Nilikaa kwenye benchi la darasa la nne, daftari nimelibana mapajani.

Nikanyoosha mkono. Wewe ulipoona ni mimi ukatabasamu.

Sikukuita wifi. Nilisema, "Mheshimiwa mhakiki, rasimu yako inasema maji yako mbali chini mwaka mzima. Nani aliyapima wakati wa masika?" Bwana wa kampuni akataka kujibu, nikasema simuulizi yeye. Kisha nikafungua daftari na kusoma, kisima kwa kisima, mwezi kwa mwezi. Wale waliokuwa wanafunzi wangu, sasa wamama na wababa, wakaanza kuitikia, "Kweli, tulipima." Nilisoma polepole. Nilitaka ikuume.

Ulishika kipaza sauti, na mimi nikangoja ujitetee, nikiwa tayari na swali la pili na la tatu.

Ukasema, "Hili sikulijua. Kama daftari ni sahihi, nilichoandika mimi si sahihi. Naomba nilione."

Ukashuka kutoka mezani, ukaja ukakaa kando yangu kwenye lile benchi dogo, magoti yamekufika kifuani, ukasoma ukurasa baada ya ukurasa huku uwanja mzima ukisubiri. Uliutambua mwandiko wangu. Bila kuinua macho ukaniuliza kwa sauti ya chini, "Lilikuwepo?"

"Nilisahau," nikasema.

"Sawa, wifi."

Kisha ukasimama ukatangaza kuwa sura yako ya maji unaiondoa. Watu wakapiga makofi. Walikupigia wewe, Somoe. Daftari ni langu, visima nilivipima mimi, na makofi yakaenda kwa mtu aliyesema amekosea. Niliporudi Newala nilikuwa na hasira kuliko nilivyoondoka.

Yaliyofuata wewe unayajua kwa upande wako. Kampuni ikalalamika kuwa aliyeuliza ni mke wa kaka yako, kwamba siku ile tulitoka nyumba moja, kwamba tulipanga. Ofisi ikakutoa kwenye kazi ile wakati uchunguzi unaendelea. Usichokijua ni kuwa waliniandikia na mimi. Barua ilikuja shuleni ninakofundisha sasa hapa Newala, ukurasa mmoja, na swali moja la maana: je, mhakiki alijua kuwa daftari lipo kabla ya mkutano?

Jibu lilikuwa mstari mmoja. Hakujua. Aliniuliza, nikamnyima. Ningeandika hivyo ungerudi kazini. Lakini kwa kuandika hivyo ningelazimika kueleza kwa nini nilikunyima, na kaka yako angejua, na mama angejua. Nikaiweka barua ile kwenye sanduku la bati, mahali lilipokuwa daftari. Nikajiambia watakuja kunihoji wenyewe. Hawakuja. Kimya changu wakakisoma kama ndiyo.

Mhakiki mwingine akaletwa, akapima masika nzima, akakuta yaliyomo daftarini. Kibali kikakataliwa, kampuni ikafungasha. Kijijini waliniita mwalimu wa daftari, wakanipa kuku wawili na mkeka. Wewe ukahamishiwa kukagua mashine za eksirei hospitalini, kazi ya mtu anayeanza, na baada ya mwaka ukaondoka kwenda Namibia. Tangu hapo hujaja. Ulimwandikia kaka yako kuwa una shughuli nyingi. Hukunitaja hata mara moja, na mimi nilielewa kuwa hukumwambia mtu yeyote habari ya yale maneno mawili pale benchini. Ungeweza kujiokoa kwa kunisema. Hata ukimya wako nimeuonea wivu, maana wangu ulikuwa wa woga.

Nyumbani nikapata nilichokuwa nakitaka. Jina lako likaanza kupungua. Mama amezeeka, macho yamekuwa mazito, ninamshika mkono kwenda uani. Siku tano zilizopita walikuja wageni kutoka Masasi, akanivuta karibu akawaambia, "Huyu ndiye mwanangu. Yule mwingine alitukimbia." Miaka yote niliingoja kauli hiyo. Nilitoka nikaenda nyuma ya jiko, nikakaa chini mpaka wageni walipoondoka.

Jioni ile nikamwambia kaka yako yote, kama nilivyoyaandika hapa. Hakunipigia kelele. Alikaa akitazama mikono yake, halafu akasema, "Kumbe miaka yote hii nimemkasirikia dada yangu bure." Baadaye akasema nikuandikie, na kwamba yeye ndiye atakayemweleza mama. Nikasema hapana, mama ni wangu kumweleza.

Nilimweleza asubuhi yake, nikiwa nimepiga magoti mbele ya kiti chake. Mambo ya urani na masika hayakumwingia. Aliuliza, "Daftari gani?" nikamweleza tena. Akafikiri. Halafu akaniuliza jambo moja tu.

"Kwa hiyo hakutukimbia?"

"Hakukimbia, mama. Mimi ndiye niliyemfukuza."

Amekaa siku nne sasa hasemi nami zaidi ya salamu. Namwamkia shikamoo, ananiitikia marahaba akitazama pembeni. Chakula anapokea kwa Hadija. Kaka yako anasubiri barua hii, na amesema ataipeleka posta Masasi kwa mkono wake asije akanipa nafasi ya kubadili moyo. Nakala ya ofisi nimeitia jina langu lote, la baba na la babu, pamoja na ile barua yao niliyoiacha bila majibu. Sijui kama bado kuna mtu pale wa kulisafisha faili lako. Nimewaandikia hivyo hivyo.

Nikikuambia wivu umekwisha nitakuwa nimeongeza uongo wa tatu. Bado upo. Zamani niliona wivu kwa miwani na begi. Sasa nauona kwa siku ile uliyosimama mbele ya uwanja mzima ukasema umekosea, kwa pumzi moja, bila kujiandaa. Mimi imenichukua miaka sita, na kwa karatasi.

Mama anaanza kumuuliza Hadija njia ya Namibia ni siku ngapi. Njoo umwone angali anaweza kukutambua kwa sauti. Kwa upande wangu sikuombi msamaha kwa barua, kwa sababu kwa barua ni rahisi mno kunipa. Uje unitazame usoni, na kama ni kuninyima, uninyime hapo hapo, mbele ya wote. Sitatafuta la kujibu.

Ni mimi, wifi yako niliyekuumiza,

Zuhura, Mama Hadija