Tanki la Tatu Limelala

Jumanne, saa kumi na moja jioni. Mawingu yamekaa juu ya mlima Menengai tangu asubuhi na hayajaamua kama yatanyesha au yataenda zake. Upepo unapiga mlango wa bati wa jirani, pah, unanyamaza, halafu pah tena. Na mimi niko hivyo hivyo. Nimeketi, nimesimama, nimefua nguo mbili za mtoto ambazo zilikuwa safi, nimeketi tena.

Imani amelala. Ni wakati mbaya wa kulala, ataamka na nguvu za kuzunguka nyumba mpaka nichoke mimi, lakini leo sina roho ya kumwamsha. Kwa hivyo naandika kwa simu, kidole kimoja, kabla hajashtuka.

Leo nilinyamaza wakati nilipaswa kusema.

Acha niliandike hilo kwanza, nisije nikalizunguka.

Kama ni mara yako ya kwanza kupita hapa: mimi ni mama wa mtoto mmoja, tunaishi mtaa wa Section 58, na nafanya kazi kwa kiwanda cha maziwa hapa Nakuru. Shule niliachia kidato cha pili. Kwenye kadi nimeandikwa karani wa uzalishaji, lakini pale ndani mimi ni Mama Karatasi. Asubuhi ofisi inapanga: leo maziwa lala kiasi hiki, yogati kiasi hiki. Nashuka na ile karatasi hadi kwa matangi. Halafu naangalia matangi yenyewe, naandika kwa daftari ni lipi lina maziwa, lipi linaoshwa, lipi liko tupu, napanda tena, naingiza kwa kompyuta. Ngazi ni kumi na tisa. Nilizihesabu nikiwa na mimba ya Imani.

Kompyuta ya ofisi haijawahi kujua matangi. Mitambo ya matangi haijawahi kujua ofisi. Zilikuwa zinajuana kupitia miguu yangu.

Sasa hayo yanaisha. Tangu mwezi uliopita kuna injinia amekuja kuziunganisha. Anaitwa Cherono, sidhani amefika miaka thelathini, anavaa buti kubwa na anasalimia kila mtu hadi soja wa geti. Siku ya kwanza alichora ghorofa kwa chaki pale sakafuni. Chini kabisa, pampu na vali. Juu yake, mitambo inayoziamrisha. Juu kabisa, ofisi na mipango yake. Akasema shida ya viwanda vingi ni kwamba kila ghorofa ina lugha yake, kwa hivyo kuna kanuni za pamoja ambazo viwanda vya nchi nyingi vimekubaliana. Kitu kimoja, jina moja, maana moja, kutoka chini hadi juu. Tanki likisema neno, ofisi isikie neno lile lile, bila mtu kukimbia katikati.

Nilipenda vile alieleza. Nilielewa kila kitu. Nikaelewa pia ni nani hayuko kwenye ile picha. Kati ya mitambo na ofisi alikuwa amechora mstari mmoja mwembamba tu wa chaki, na ule mstari ndio ulikuwa mimi.

Jumapili Baba Imani alikuja nyumbani kutoka Olkaria, anakofanya kazi ya mabomba ya mvuke. Nilimwambia haya yote akiwa amembeba mtoto begani.

“Wewe nyamaza tu, mama,” akasema. “Hizo vitu zao lazima zikwame mahali. Zikikwama utawaona mbio mbio, Mama Karatasi, Mama Karatasi, kuja utusaidie!”

Alisema kwa sauti ya mtu anayelia, na Imani akacheka huko juu bila kujua kinachochekesha. Nikacheka pia. Lakini yale maneno niliyabeba mpaka leo, kama jiwe mfukoni.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kwanza mfumo kufanya kazi wenyewe na maziwa ya kweli. Wiki mbili walikuwa wanajaribu na maji, na maji yalienda sawa kabisa. Niliambiwa nikae juu ofisini, mbele ya skrini, na daftari langu, nilinganishe. Lori la maziwa kutoka Ndabibi lilikuwa limeingia mapema. Maziwa yakapimwa, yakachemshwa, yakapozwa, yakawa yanangoja kupewa tanki. Mimi nilikuwa nimepewa chai.

Kwenye skrini kulikuwa na matangi manne, kila moja na rangi yake. Tanki la tatu lilikuwa kijani. Chini yake limeandikwa FREE, yaani liko wazi, litiwe maziwa.

Nikatazama daftari. Kwa mkono wangu mwenyewe: T3 imelala, jana saa tisa.

Hapa lazima nieleze. Maziwa lala yakishachemshwa na kupoa, tunatia mbegu ya kuyagandisha, halafu tunayaacha mpaka kesho yake. Hakuna kukoroga, hakuna kufungua. Kwenye mtambo wa matangi kuna vitufe vinne vya zamani, aliyeviweka aliandika lugha ya watu wa pale: PIKA, POZA, LALA, OSHA. Baba Sharon, ambaye matangi ni yake kuliko hata ya mwenye kiwanda, akishatia mbegu anabonyeza LALA, na hapo usiguse. Hata ukigonga lile tanki na spana atakutukana hadi ukoo.

Na matangi yetu ni ya kizee, hayana kitu cha kuambia kompyuta kama yamejaa. Unachungulia kioo cha pembeni. Jana maziwa yalikuwa machache, la tatu likabaki nusu.

Sasa rudi nyuma wiki tatu, kabla ya majaribio ya maji. Nilikuwa nimesimama pale pale Cherono akiandika maana ya vitufe.

“Baba Sharon, na hii LALA?”

“Si ni kulala. Tanki inalala.”

“Ikilala, pampu iko aje?”

“Imezimwa. Ya kukoroga imezimwa. Kila kitu imezimwa, madam.”

“Kwa hivyo hapo haifanyi kitu.”

“Imetulia tu. Afadhali hiyo, mimi tangu Ijumaa sijalala vizuri.”

Tukacheka wote watatu. Cherono akaandika: LALA, FREE. Na kweli, mtu yeyote wa Nakuru ukimwambia mashine imelala, au biashara imelala, anajua hakuna kazi hapo. Ni sisi wa maziwa tu tunaotumia hilo neno kinyume. Siku hiyo sikusikia kosa. Hilo naapa. Na kwenye yale majaribio ya maji hakuna aliyebonyeza kile kitufe hata mara moja. Maji hayalali.

Lakini leo, mbele ya skrini, nilijua papo hapo.

Nilijua, na nikachukua kikombe.

Nikanywa chai. Nikafikiria kadi yangu yenye jina langu, kazi ya kwanza iliyonipa kadi. Nikafikiria, wacha iharibike kidogo, tanki moja tu, ndio waone. Cherono alikuwa dirishani akinipa mgongo, anaongea na simu, anacheka kidogo, ana furaha kwamba mambo yake yanaenda. Rangi ya tanki la tatu ikatoka kijani ikawa manjano. Sakafu ikaanza kutetemeka ule mtetemo wa pampu. Nikanywa tena. Nusu kikombe ilienda hivyo.

Sijui ni nini hasa kilinitoa. Nadhani ni ule mtetemo kwenye nyayo. Kwa mawazo nikamwona mtu akifungua mlango wetu hapa, anaingia hadi kitandani, anammwagia Imani maji baridi, halafu ananiambia, kwani nini, si alikuwa amelala tu.

“Madam, simamisha! Hiyo tanki imelala!”

Cherono akageuka. “Ndio, imelala. Si ndio maana tunaitumia?”

“Hapana! Imelala na maziwa!”

Aliniangalia kama mtu anayesikia redio ya stesheni mbili kwa wakati mmoja. Halafu uso ukabadilika. Alibonyeza kusimamisha, akatupa simu mezani, na zile ngazi kumi na tisa sijui kama alikanyaga hata tano. Nikamfuata.

Baba Sharon alikuwa upande wa kuosha mifereji, akaja na gambuti zinamwaga maji.

“Nani ameamsha mtoto wangu?”

Akafungua kifuniko, akainama, akanusa. Maziwa mapya yalikuwa yameingia juu ya yale yaliyoanza kushika, si mengi, lakini yameingia.

“Imeshtuka,” akasema. “Sijui kama itarudi kulala.”

Msichana wa maabara alichukua sampuli. Majibu ni kesho asubuhi. Maziwa yakikataa kuganda, tanki zima litaenda kwa nguruwe.

Cherono aliketi juu ya kreti. Nilidhani atalia au atampigia mtu kelele. Akauliza polepole, “Kwa hivyo kwenu kulala ni kazi?”

“Madam, hiyo ndiyo kazi yenyewe,” Baba Sharon akasema. “Sisi wengine tunaosha tu vyombo.”

Cherono akacheka, aki, alicheka mpaka akashika kichwa. Halafu akanigeukia mimi. “Mama Imani, kuna maneno mengine kama hayo?”

Nikamwambia osha ziko mbili. Kuna osha ya maji na osha ya dawa, kitufe ni kimoja, na baada ya ile ya maji peke yake huwezi kutia yogati. Nikamwambia bechi. Ofisini bechi ni oda ya siku nzima, huko chini bechi ni kila mara tanki linapopikwa, kwa hivyo Baba Sharon akiniambia bechi tatu mimi huandika moja nikifika juu. Nilikuwa naongea haraka, hata sikujua nina mengi hivyo.

“Na hii imeandikwa wapi?”

“Hakuna mahali.”

Nilipojisikia nikisema hivyo nilishangaa. Miaka miwili nimedhani nabeba karatasi. Kumbe nilikuwa nageuza maneno njiani, kwenye ngazi, bila kuambiwa na bila kumwambia mtu.

Cherono aliomba kulishika daftari langu. Lina madoa ya chai na ukurasa mmoja Imani aliuchora na kalamu. Akalifungua kama kitu cha maana. Akasema kanuni zake zinataka jina moja liwe na maana moja, lakini haziwezi kujua ni nani ana hiyo maana, lazima mtu atafutwe. Kesho saa moja na nusu tukae pamoja, neno kwa neno, kabla hajawasha kitu chochote tena.

Meneja naye akapita. Akanipa mkono, akasema asante. Halafu akasema mambo ya karatasi yanaisha Ijumaa vile ilivyopangwa, na kuhusu mimi, “tutaangalia vile tutakupanga.” Hiyo sentensi nimeigeuza mara mia tangu nitoke pale. Kuna saa inasikika kama mlango unafunguka, kuna saa inasikika kama ule wa jirani. Pah.

Lakini si hiyo inayonifanya nisitulie.

Kila mtu leo alinisifu. “Mama Karatasi ana macho!” Baba Sharon alinipa yogati mbili nimletee mtoto. Hata yule soja wa geti alikuwa amesikia. Nilitabasamu, nikasema asante, asante. Na Cherono, nikiondoka, akaniambia mfumo huweka kumbukumbu ya kila kitu kwa sekunde: saa FREE ilitokea, saa vali ilifunguka, saa ilisimamishwa. Akasema kesho tutaanza hapo, tuone ilivyoenda hatua kwa hatua.

Hakunituhumu. Anajua tu nilikuwa nimekaa mbele ya skrini. Anaweza kufikiri nilikuwa nimeangalia kando, au sijui kusoma haraka. Shule yangu wanaijua, wataamini. Ningeweza kukaa kimya na hakuna ambaye angejua, hata wewe unayesoma hapa kama nisingekuandikia.

Baba Imani nimempigia. Nikamweleza yote hadi pale pa chai. Halafu akasema, “Mimi nilikuwa natania tu, mama.” Najua alikuwa anatania. Mimi ndiye niliyebeba.

Nimejaribu kufikiria mazuri, kwa sababu mimi huwa ni mtu wa kutumaini, ndivyo nilivyo. Nimejiona nimekaa na Cherono, namwambia hili neno kwetu ni hivi, lile ni vile, naye anaandika kwenye ile kanuni ya nchi nyingi, na kiwanda kizima kinasikia maana kutoka kwangu. Naiona kabisa, hata nguo nitakayovaa. Halafu nafika kwa ile dakika ya chai na picha inakatika. Nitamwambiaje mtu maana ya maneno yote, na nimemficha moja?

Imani amejigeuza. Mdomo wazi, mkono umefunguka juu ya mto, tumbo linapanda na kushuka. Mtu akichungulia hapa mlangoni angesema huyu hana kazi. Juzi nilimlaza na meno manne. Akaamka na la tano.

Kama tanki la tatu litarudi kulala, sijui. Kama nitakuwa na kadi Jumatatu, sijui. Tone moja limepiga bati, sasa la pili, labda yale mawingu yameamua.

Kesho nitafika kabla yake, saa moja na robo. Kabla hajafungua kumbukumbu, kabla ya neno lala, kabla ya bechi na osha, nitaanza na ile nusu kikombe cha chai.