Siku Mama Alipoacha Methali

Kwenye benchi, nje ya chumba cha upasuaji,
Jumatano asubuhi.

Mpendwa kaka yangu,

Hujambo huko kwenye baridi yako? Shemeji hajambo? Na Kibonge wetu, kile kikohozi kimemwachia au bado anakesha nacho? Mwambie shangazi yake anamuulizia kila siku. Sisi huku miili ni mizima, ila tuna roho mikononi, na sababu unaijua.

Najua umekasirika. Juzi ulinikatia simu kabla sijamaliza salamu. Barua haina kitufe, ndiyo maana nimemwomba muuguzi karatasi. Nikimaliza nitaipiga picha nikutumie.

Nianze na lile unalotaka kulijua. Mama yumo ndani ya mlango huu ninaoutazama, wanamkata mguu wa kushoto chini ya goti. Ulisema tusisaini kitu mpaka ufike. Tumesaini. Nisome mpaka mwisho kwanza, matusi utanipa baadaye.

Kiharusi kilimchukua Mama maneno, hilo ulielezwa. Ambalo hukulielewa, na simu haina namna ya kulionyesha, ni kwamba methali kilimwachia. Ukimwomba aseme "nataka maji", anahangaika mpaka machozi yanamtoka. Mwache kidogo, methali inatoka nzima, haikosi hata herufi. Na zile zako zimo pia, zile ulizokuwa ukizikusanya kwa wapishi wenzako wa kila pembe ya dunia na kumtumia kila Jumapili. Ile ya shomoro mkononi na korongo angani, ile ya farasi na maji, ile ya asubuhi kuwa na akili kuliko jioni. Wodi nzima sasa inazijua.

Mwanzoni tulicheka, nisikufiche. Daktari alimuuliza kama anasikia maumivu, akajibiwa "mgeni njoo, mwenyeji apone", akatabasamu akidhani amekaribishwa. Mama aliposema "haba na haba hujaza kibaba", Mjomba akaamuru uji wake uwe wa kijiko kimoja kimoja, mpaka ukapoa bakulini. Mke wa kitinda mimba wetu, ambaye ndiye anamwosha na kumgeuza, alipigwa na "mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe". Akafunga begi lake huku analia. Ilibidi nimfuate mpaka getini nimrudishe, na njia nzima nilikuwa nambembeleza kama bibi harusi.

Lakini wewe unaijua nyumba yetu. Lini Mama aliwahi kutupa amri ya moja kwa moja? Ukichelewa kurudi, methali. Ukileta mchumba asiyempenda, methali mbili. Tumekua tunapokea hukumu kwa njia hiyo, kwa hiyo hata sasa kila akifungua mdomo tunasimama wima tunatafsiri. Watu wengine wangeona ni ugonjwa tu. Sisi tuliona ni Mama.

Sasa kile kidonda cha unyayoni. Sukari ilipanda, nyama ikaanza kufa, weusi ukapita kifundo. Daktari wa upasuaji, mwanamke kijana asiyepoteza maneno, alitueleza bila kuzunguka kwamba mguu usipokatwa mapema sumu itaingia kwenye damu, na ikishaingia hana tena la kufanya. Mjomba akainama akamuuliza Mama anaonaje. Mama akasema, "Haraka haraka haina baraka."

Basi. Kwa Mjomba kesi ikaisha hapo. Unamjua, alipima viwanja vya watu maisha yake yote, akishasimika jiwe la mpaka haling'oki. Akasema dada yake ametamka, na yeye kama mkubwa wa familia hatamkata kiungo mtu aliyekataa. Nikamjibu ngoja ngoja huumiza matumbo. Akanirudishia subira huvuta heri. Nikampa usipoziba ufa utajenga ukuta. Akaikamata ile yako ya asubuhi na akili, akasema tulale kwanza. Tukalala, kaka, na asubuhi weusi ulikuwa umepanda tena. Nilitaka kumrukia. Kila methali ina adui yake, mtu unachagua tu ile inayokupa unachokitaka, na wakati sisi tunarushiana, mama yetu alikuwa anaoza mguu mbele ya macho yetu.

Ndipo nawe ukapiga simu ukamuunga mkono yeye. Iliniuma sana.

Kuna mama mmoja hapa, kazi yake ni kuwafundisha wagonjwa kusema upya. Alinikuta nalia kwenye ngazi. Akanieleza kwamba kwa wagonjwa kama Mama, sala, nyimbo, salamu na methali hutoka zenyewe, kwa sababu zilishakaa mdomoni miaka mingi. Hazina maana kwamba ndicho anachokitaka. Akili yake inaweza kuwa nzima kabisa, imefungiwa ndani, inasikia tunavyomsemea. Akasema mtafutieni mlango mwingine.

Nilikaa nikalifikiria hilo mpaka chai ikanipoa. Methali inajitosheleza, ukishaisema umemaliza. Kitendawili hakiwezi kujimaliza, lazima mwingine ajibu. Na nani alikuwa bingwa wa vitendawili nyumbani kwetu?

Nikarudi kitandani, nikamwambia, "Kitendawili." Hakungoja hata nipumue. "Tega." Nikamtegea nyumba yangu haina mlango. Mdomo ulihangaika, neno halikuja, ila mkono wake mzima ukatoka kwenye shuka ukaelekea kwenye sinia ya kifungua kinywa, ukaligusa yai. Nikamtegea popoo mbili zavuka mto. Akagusa macho yake, moja, kisha la pili. Nikamdanganya kwamba jibu ni miguu, akanitazama lile jicho lake la "mtoto huyu ana nini". Kaka, niamini. Mama yumo, mzima, na siku zote hizo tulikuwa tunagombana juu ya kichwa chake.

Nilimwita daktari na yule mwalimu wa kusema, nikamburuta na Mjomba. Mjomba akasema hayo ni michezo ya watoto. Nikamwomba kwa heshima zote anyamaze, na heshima zenyewe zilikuwa zinaniishia.

Nikamshika Mama mkono. "Kitendawili." "Tega." Sauti yake ilikuwa chini mno. Nikasema: mti wangu una tawi linaoza. Nikiliacha, mti wote unaoza. Nikilikata, mti unabaki na kilema, lakini unabaki. Mwenye mti anasemaje?

Akafumba macho. Tukasubiri. Nilisikia gari la dawa likisukumwa huko koridoni, lile lenye gurudumu bovu, likapita mpaka likaisha, Mama bado kafumba. Mjomba akasema taratibu kwamba ameshindwa, atupe mji tumwache apumzike. Nami, nikuambie ukweli, nilianza kuamini hivyohivyo.

Mama akainua mkono kumnyamazisha. Alipofumbua macho hakututazama sisi, aliutazama mguu. Mdomo ukahangaika, jasho likamtoka, yule mwalimu akatuashiria asimsaidie mtu. Kisha likatoka neno moja ambalo sijawahi kulisikia kwa Mama tangu nizaliwe.

"Naogopa."

Akameza mate, akauelekezea mguu kidole, akamtazama daktari.

"Kata."

Daktari alimuuliza tena, polepole, kama ameelewa kwamba mguu haurudi. Mama akatikisa kichwa kukubali. Akaulizwa mara ya tatu kwa kugeuza swali, je, tuuache? Akakataa. Aliyeomba kalamu ya kusaini, kaka, ni Mjomba. Mimi nikamshikia karatasi. Kisha akakaa pembeni ya kitanda, akaegemeza kichwa chake kwenye bega la dada yake, na hakuwa na methali hata moja.

Nimeacha kuandika kidogo. Daktari ametoka. Amesema imekwisha, damu haikumpotea nyingi, moyo unapiga vizuri, ila siku hizi za mwanzo bado ni za kuangaliwa sana. Mjomba amekaa chini, hapahapa sakafuni, na suruali yake ya kupiga pasi. Mimi nalia na kuandika, usishangae ukikuta wino umetapakaa.

Sitaki tugombane. Najua kwa nini ulisema tusubiri. Ulitaka umkute mzima na miguu yake yote, na uko mbali, na mtu wa mbali hana la kufanya zaidi ya kusema subirini. Ungekuwa hapa ungemwona.

Nisalimie Shemeji, mbusu Kibonge. Mke wa kitinda mimba anakusalimu, begi amelifungua. Mjomba naye anakusalimu, ameniambia niandike hivyo tu. Mungu awalinde, akupe usingizi leo, na akujaalie safari njema utakapopata ruhusa kazini.

Mama akizinduka nitamwekea simu sikioni. Nakuomba usimletee methali, hata iliyo nzuri kiasi gani. Yeye alituambia anaogopa. Mwambie na wewe.

Wako akupendaye, ambaye naye aliogopa,
Dada yako