Picha Mbichi ya Mugango

Kamunyonge, Musoma
Jumapili, baada ya misa

Dada yangu mpendwa Nyangi,

Shikamoo, dada. Habari za Njombe na baridi yake? Shemeji hajambo? Watoto je, bado wanalala na soksi? Sisi huku hatujambo kwa wastani, na hilo neno "kwa wastani" naomba uliache kama lilivyo, nitalirudia mbele. Studio inaendelea vizuri. Ndugu yetu Alfonce na mkewe Miriamu wanakusalimu sana, na binti yao Dafroza anauliza kila mara shangazi wa Njombe yukoje. Amerefuka huyo, utamkuta anakuchungulia kwa juu.

Najua utashangaa kupata barua kutoka kwangu wakati simu zipo. Lakini dada, kwenye simu kila nikimtaja Mama, ghafla mtandao wa Njombe unakuwa mbaya. Barua huwezi kuikatia. Unaweza kuichana, ila nakujua, utaisoma kwanza. Ndani ya bahasha kuna picha nimeifunga kwa karatasi ya kaki. Nakuomba kama mdogo wako, usiifungue mpaka ufike mwisho.

Nianze na siku ya Komunyo ya Kwanza ya Dafroza, kule parokiani Mugango. Jua lilikuwa lile la kwetu ziwani, linalokupiga kutoka juu halafu linakurudia tena kutoka kwenye maji. Nilikuwa nimebeba kamera yangu mpya, nikijiona mtu mzito. Mwenzangu Wanzagi, mpiga picha wa pale pale Mugango, alikuwa amesimika printa yake ndogo kwenye meza ya katekista, na watu walikuwa wanaondoka na picha zao zingali na joto. Mimi sikusafisha hata moja. Nilikuwa napiga RAW.

Inabidi nikueleze kazi yangu kidogo, la sivyo hutaelewa ubishi wetu na Mama. Kamera inatunza picha kwa namna mbili. Ukipiga JPEG, kamera yenyewe inaamua hapo hapo: inakoleza rangi, inang'arisha, inatupa inachoona hakihitajiki, na inakukabidhi picha nyepesi iliyokamilika. Ukipiga RAW, haitupi kitu. Inabeba mwanga wote kama ulivyoingia, faili linakuwa zito, na picha yenyewe ukiitazama imepauka, mpaka ukae kwenye kompyuta uimalizie kwa mkono wako. Sasa fikiria gauni jeupe la Komunyo kwenye jua lile, na Mama na weusi wake, amekaa kwenye kivuli cha upenu. JPEG ingeniunguzia gauni au ingenifichia Mama. Mimi nilitaka vyote viwili. Kamera inaweza pia kutunza namna zote mbili kwa pamoja, lakini kadi yangu ya kumbukumbu ilikuwa moja, na baada ya misa ilikuwa imebakiza nafasi kidogo sana.

Tuliporudi nyumbani, Mama akasema anataka picha ya familia. Viti alivipanga mwenyewe mbele ya ukuta, akakataa kusaidiwa. Alfonce huku, Miriamu pale, Dafroza katikati miguuni pake, kiti hiki na kile, akatandika na khanga yake ya kijani. Mimi sikuangalia viti, niliangalia mwanga. Nikaweka kamera kwenye stendi, nikaiwekea muda, nikakimbia kwenda kusimama nyuma ya Alfonce nikihema.

Kabla sijakunja stendi, Mama akanishika mkono na kuniomba ile picha leo hii, kabla jua halijazama. Nikamweleza kwamba haiwezekani, bado ni mbichi. Nikamwambia kwa lugha ya kwetu wavuvi kwamba JPEG ni sato aliyekwisha kukaangwa, huwezi tena kumrudisha akawa mchemsho, na RAW ni sato aliyetoka majini, unampika utakavyo. Nilidhani nimemaliza maneno.

"Samaki mbichi anaozaga, Boniphace," akasema. "Nipe aliyeiva nimle leo."

Watu wakacheka, nami nikacheka. Nikamwonyesha picha kwenye kioo cha nyuma ya kamera ili aridhike. Akaisogeza kamera hadi karibu na pua, akageuza kichwa upande, akatulia hivyo kwa muda. Nikamtania kwamba Mama, kamera hainuswi. Akanirudishia, akaenda jikoni kuangalia chakula. Dada, utani ule unanichoma hadi leo.

Basi nikarudi mjini, na unaijua kazi yetu. Ukaingia msimu wa harusi. Kulikuwa na harusi moja ya Butiama ambayo wenyewe walitaka albamu, wakataka video, wakataka na bango la sebuleni, na kila siku shangazi wa bwana harusi ananipigia. Kompyuta yangu ukiifungulia mafaili ya RAW inaganda. Picha ya Mama ikabaki kwenye kadi. Mama kwa simu ya Alfonce aliiulizia kila wiki, na kila wiki nilimwambia avumilie, kitu kizuri kinakuja. Msimu ukapita hivyo hivyo, mvua zikaja na kuondoka.

Hatimaye nikaenda Bunda, pale Manyamanyama kwa Fred, rafiki yangu aliyenifundisha kuediti, yeye ana kompyuta yenye nguvu. Tukakaa nayo mchana kutwa. Nilipovuta kile kivuli cha upenu, uso wa Mama ukaja taratibu. Ukaja mkunjo wa kando ya mdomo, likaja lile kovu la kwenye nyusi alilolipata akibeba kuni. Na gauni la Dafroza likabaki na lesi yake yote. Sijawahi kupiga picha nzuri kuliko ile. Fred akasema kuna kiti kimoja cha plastiki cha bluu pembeni, hakina mtu, kinaharibu mpangilio. Nikakitazama, nikaona ni kweli, labda kuna mgeni alikaa akainuka. Tukakiondoa, mahali pake tukajazia ukuta na nyasi. Hungejua kama kiliwahi kuwepo.

Nikaisafisha kubwa, nikaitia fremu, nikaipeleka Mugango mwenyewe. Mama alikuwa amekaa barazani na jirani yake Marcelina, mke wa katekista. Nikamwekea mapajani. Akafuta mikono kwenye khanga kwanza, ndipo akaipokea. Akapitisha kiganja juu ya kioo, na uso wake ulivyofurahi, dada, nilijiambia kwamba nilikuwa sahihi kusubiri. Akaanza kututaja mmoja mmoja kwa kidole. Huyu Alfonce. Huyu Miriamu na kitenge alichomnunulia yeye. Dafroza huyu hapa na gauni lake. Na wewe Boniphace hapa nyuma, unahema mpaka kwenye picha. Halafu kidole kikaenda pembeni kabisa, kikatulia.

"Na hiki ni kiti cha Nyangi," akasema. "Yeye anakaaga kulia kwangu. Umefanya vizuri hukukitoa."

Chini ya kidole chake palikuwa na ukuta na nyasi.

Nilimtazama Mama, nikatazama macho yake yalipoelekea. Yalikuwa yanatazama juu kidogo ya fremu, kwenye uwanja. Marcelina akanitikisia kichwa polepole nisiseme neno. Nikajibu tu, ndiyo Mama, kipo.

Marcelina ndiye aliyenieleza tulipokwenda uani. Ni presha ya macho. Ilianza zamani kidogo kidogo bila kuuma. Yeye ndiye aliyekuwa akimsindikiza hospitali mjini Musoma, Mama akipita hapa hapa Kamunyonge bila kunigongea mlango, eti asinisumbue na kazi. Jicho la kulia lilikuwa limeshakwenda kabla ya Komunyo. La kushoto lilikuwa linaona siku ile ya jua kali, linaona nyuso. Daktari alimwambia mapema kwamba kilichopotea hakirudi, dawa ya matone ni ya kushikilia kilichobaki, na hakuna anayejua kitashikika hadi lini. Ndiyo maana aliing'ang'ania picha ya siku ile ile. Mimi namweleza habari za sato, mwenzangu anahesabu mwanga wake. Nililia pale uani kama mtoto, nakwambia bila haya.

Jioni nilikaa na Mama mwenyewe, na hakukataa. Alisema alitaka atuone wote pamoja kwa macho yake, nawe uwe na mahali pako hata kama hukuwepo. Akasema hajasahau maneno ya arobaini ya Baba, pale yeye alipokataa kuliacha kaburi ahamie kwako, na wewe ukamjibu basi akae nalo. Amesema lile neno lilimuuma, lakini analijua lilitoka wapi, kwamba ulikuwa unaogopa kumwacha peke yake. Nikamuuliza kwa nini hakukuita miaka yote hii. Akasema alikuwa anasubiri uanze wewe, na anajua ukaidi huo umeutoa kwake. Halafu akanikataza nisikwambie habari za macho kwenye simu. Hataki uje kwa huruma.

Kwenye simu sikukwambia, kama alivyotaka. Barua hakuitaja.

Kesho yake asubuhi nilirudi Manyamanyama, nikamwomba Fred anifungulie lile faili. Hapa ndipo RAW iliponilipa ucheleweshaji wangu, ingawa kwa Mama haikulipa. Ukirekebisha RAW, unarekebisha nakala tu, faili lenyewe haliguswi. Kila tulichokitoa bado kilikuwa mle, kimekaa. Kilirudi chote: miguu ya plastiki ya bluu, khanga ya kijani iliyokunjwa vizuri juu yake, hata kivuli chake ukutani. Safari hii ndipo nikaona kitu ambacho macho yangu ya kazi hayakukiona mara ya kwanza. Mkono wa Mama wa kulia haupo mapajani. Umewekwa juu ya egemeo la kile kiti, chini ya khanga aliyojitanda, na sisi tuliufuta pamoja nacho.

Ile picha ya ukutani kule Mugango nimeshaibadilisha, na nyingine kama hiyo ndiyo uliyo nayo kwenye kaki. Sasa ifungue.

Tazama tarehe nyuma yake. Kiti hicho kiliwekwa wakati hakuna kati yetu watoto wake aliyejua habari za macho. Kwa hiyo huwezi kusema umeitwa kwa sababu Mama anaumwa, wala yeye hawezi kusema umekuja kwa huruma. Ulikuwa umeshaitwa. Mimi ndiye niliyeuondoa wito wako pichani, na leo naurudisha.

Mama bado anaona kidogo, dada. Ni mchana tu, kwa jicho la kushoto, uso ukiwa karibu kabisa, karibu kama ile kamera alivyoisogeza. Jana alinikamata mashavu barazani, akanivuta, akanitazama hivyo kwa muda mrefu, akasema nimekonda. Uso wako hajauona tangu arobaini. Usitume picha, wala usinipigie video. Mletee wenyewe.

Alfonce ameahidi kukupokea Bunda stendi, saa yoyote basi litakapoingia. Miriamu ameshaosha mashuka. Msalimie sana shemeji, mwambie namwomba ruhusa yako kwa heshima zote, na watoto waje na masweta yao wayavue hapa. Kwa kawaida ningemalizia kwa kukutakia kazi njema huko Njombe, lakini leo nakutakia safari njema tu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Boniphace