Nani Aliwapa Sungura Kabichi

Kibomet, Kitale
Jumapili, baada ya kanisa

Mama Nanjala mpendwa,

Pokea salamu zangu upesi, maana kalamu hii ni ya binti yako na ameniambia nisimmalizie wino. Hujambo? Mguu wa mama yangu umepungua kuvimba? Na kile kitinda mimba chetu Simiyu, bado kinagomea uji? Sisi huku ni wazima wa mwili, mimi na Nanjala, ila moyo wangu hautulii hata kidogo. Tangu niandike jina lako hapo juu nimeinuka mara tatu. Mara mbili nilikwenda kumwangalia sungura. Mara ya tatu nilisimama tu mlangoni, sijui nilikuwa natafuta nini.

Najua mama yako amepitia hapo Matulo akirudi Cheptais, na yaliyotokea huku ameshakusimulia. Nakuomba usikie na yangu kabla hujaamua lolote.

Ulinipa muhula mmoja. Sijasahau ulivyosema tukifunga sanduku la mtoto: "Nenda naye, lakini nikisikia humwezi, namfuata siku hiyo hiyo." Ulikuwa na haki. Wewe ndiye uliyemlea miaka tisa, mimi nikiwa mtu wa kuja mwisho wa mwezi na mkate. Nilichoka kuamkiwa na binti yangu kama mgeni, ananipa mkono na kuniuliza safari ilikuwaje. Ndiyo sababu nilimtaka huku Kitale, na ndiyo sababu leo siwezi kukaa kitako.

Katika barua zangu za mwanzo nilikuandikia kwamba amezoea. Hakuwa amezoea. Akitoka shule alikuwa anaketi kitandani na mkoba mgongoni, hauvui mpaka nirudi kutoka karakana. Nikimuuliza kuna nini, "Hakuna, baba." Basi Jumamosi moja nikampeleka sokoni, tukanunua sungura wawili kwa mzee mmoja anayewafuga. Mmoja mweupe mwenye mabaka ya kahawia, Nanjala akamwita Chapati. Wa pili mdogo, rangi haieleweki, akawa Ndengu. Mzee yule hakuzungumza na mimi, alizungumza na mtoto. "Hawa wamezoea nyasi kavu," akamwambia. "Wiki ya kwanza wape hiyo hiyo, vingine pole pole. Sungura akihamishwa, yeye anafika leo, tumbo linafika baadaye." Akatupa na fungu la nyasi.

Kibanda nilikitengeneza kwa mabaki ya mbao za saiprasi aliyonipa tajiri wangu Kalasinga. Nilipiga randa kila ubao. Kina mlango, kina wavu, kina chumba cha ndani cha kulala. Hata wewe, ukinikasirikia, ungeweza kuhamia humo.

Sasa sikiliza kosa lilipo. Nyasi kavu niliionea aibu. Wageni wamefika kwangu, wapangaji wa ploti nzima wamekuja kuwaona, halafu niwawekee nyasi kavu? Jioni nilipita sokoni nikaokota majani ya kabichi, yale ya nje, mabichi, yanatona maji ya mvua, karibu nusu gunia. Nanjala akaniambia, "Baba, si yule mzee alisema pole pole?" Nikamjibu yule mzee ni bahili tu. Tukawapa. Walivyokula, Mama Nanjala! Walikuwa wanavuta jani moja, huyu huku na yule kule, na mtoto akacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta. Nilikuwa sijasikia kicheko hicho tangu aje. Basi mimi nikaongeza kabichi. Kesho yake nikaongeza tena, na ugali uliobaki, ili nikisikie tena.

Jumatatu Chapati alianza kuhara. Jumanne akakaa pembeni amejikunja kama ngumi, anasaga meno, tumbo limekaza, hata maji hataki. Nilikwenda kwenye duka la dawa za mifugo saa ya chakula cha mchana. Kijana wa pale alinicheka. "Sungura? Ati dawa ya sungura? Si ununue mwingine tu, bana!" Nikarudi mikono mitupu. Siku hiyo nilikata mguu wa kitanda cha mteja ukawa mfupi, na tajiri akauinua akaniuliza, "Fundi, mawazo yako iko wapi?" Nilitaka kumwambia yako Kibomet, ndani ya tumbo la sungura. Nikachukua ubao mwingine.

Jumatano Chapati alikufa. Nanjala hakulia. Alinisaidia kuchimba nyuma ya bafu, akanawa, akavaa mkoba wake, akaketi kitandani. Na Alhamisi tumbo la Ndengu nalo likafura.

Ijumaa ndipo mama yako akafika. Alisema anapita tu kumwona dada yake. Sitakuuliza kama ni wewe uliyemtuma. Mimi mwenyewe ningemtuma.

Unajua kwa desturi yetu mimi na mama mkwe hatupeani mkono wala hatuketi chumba kimoja. Aliketi kwenye benchi la jirani yetu Mama Halima, yule anayeuza mandazi karibu na msikiti, na mimi nikabaki kwangu, mlango nimeurudisha nusu. Nilimweka Ndengu juu ya gunia katikati ya uwanja, nikarudi ndani, ndipo mama akaja akamwinua. Maneno yetu yote yalipitia kwa Nanjala, ingawa kutoka benchi mpaka mlango wangu si hatua sita.

"Mwambie baba yako hii tumbo imejaa upepo."

"Baba, kukhu anasema tumbo limejaa upepo."

"Muulize nifanye nini."

"Kukhu, baba anauliza..."

"Nimesikia. Arete nyasi ya kukauka, na maji ya kunywa. Kitu ingine hapana."

Mama Halima alikuwa anakanda unga huku anatetemeka kwa kicheko. "Haki nyinyi watu! Mnasikiana hivi, halafu mnamtuma mtoto kama posta!"

Mama hakucheka. Alimlaza Ndengu mapajani, akaanza kumsugua tumbo kwa vidole viwili, taratibu. Alimsugua muda mrefu sana. Mikono ile inajua kazi, lazima niseme. Kisha akauliza, na safari hii hakumwambia mtu yeyote amwambie mwingine.

"Nani alirisha hii kitu kabichi?"

Nilikuwa nyuma ya mlango, mkono kwenye komeo. Nilikuwa na neno moja tu la kusema. Nanjala akawahi.

"Ni mimi, kukhu."

Mama Nanjala, alimgombeza. Alimgombeza kwa Kiswahili na akamalizia kwa Kibukusu. Ati kwao hakufundishwa? Ati amekuja mjini kujifunza uzembe? Ati ameua mmoja na sasa anaua wa pili? Mtoto alisimama mikono nyuma, anajibu, "Ndiyo, kukhu." Na mimi nikanyamaza. Nilijiambia kwamba mkwe habishani na mama mkwe, kwamba ni heshima. Si kweli. Heshima haikunizuia, Mama Halima alikuwa pale pale, ningeweza kumtuma yeye. Niliogopa. Nilijua mama akisikia ni mimi, utasikia wewe, na utakuja kumchukua. Nikajificha nyuma ya desturi, nikamwacha mtoto wa miaka tisa abebe mzigo wangu. Naona aibu kukuandikia hili, lakini ningeona aibu zaidi kutokuandika.

Mama alilala kwa Mama Halima. Asubuhi ya Jumamosi Nanjala alikuja kunionyesha kitu kwenye kiganja: kinyesi cha Ndengu, kikavu, cha mviringo, punje saba. Tulizihesabu kama watu wawili wehu. Mama akaangalia, akasema, "Huyu atapona," akafunga leso yake akaondoka.

Tulipobaki wawili nilimuuliza Nanjala kwa nini alisema ni yeye. Alikuwa anaweka nyasi kibandani, hakugeuka.

"Mimi nikigombezwa inaisha," akasema. "Wewe ukigombezwa, narudishwa."

Nilizunguka upande wa pili nikajifanya nakaza misumari ya kibanda ambayo haikulegea.

Leo nimemwambia ninakuandikia ukweli wote. Amenuna. "Baba, utaharibu," ameniambia, na kalamu amenipa kwa shida. Pengine naharibu kweli. Lakini sitaki ubaki Matulo ukidhani una binti mzembe. Alimsikiliza yule mzee wa sokoni, mimi sikumsikiliza. Alinikanya, nikajitia kujua. Hajakosea mahali popote katika jambo hili, ila pale aliponiokoa.

Nataka abaki. Nasema waziwazi. Jana, aliporudi kutoka masomo ya Jumamosi, alivua mkoba alipofika mlangoni, akautundika kwenye msumari, akaenda moja kwa moja kibandani, na hakujua kwamba nilikuwa namtazama. Lakini wewe ndiye mama, na neno ni lako. Ukiamua arudi, usije kumchukua. Nitamleta mwenyewe, yeye na Ndengu wake na kibanda chake, nami nitasimama mbele yako nisemwe. Ninachokuomba ni hiki tu: upime kosa langu mimi, si lake. Na unijibu upesi, kwa maana kazini nakata mbao vibaya, na usiku ndio kabisa.

Nisalimie mama yangu, umwambie asiuache ule mguu ukaning'inia akiketi. Msalimie ndugu yangu Wekesa, na shukrani zangu kwa kutulimia kile kipande cha chini. Simiyu mwambie uji si sumu.

Mama yako, usianze na salamu zangu. Mwambie kwanza kabichi ilikuwa yangu, na mtoto alinikataza. Mwambie nilikuwa nyuma ya mlango na nilisikia kila neno. Akimaliza kunisema, ndipo umpe salamu, kama atazitaka.

Ni mimi mumeo,
Wafula, baba Nanjala