Bata bukini wetu koridoni

Noreen, uko wapi? Mbavu zinaniuma kwa kucheka.

Si unakumbuka tulivyoanza studio ya katuni kwenye gereji ya baba yake Ofelia? Kila mnyama tulimwigiza kwanza mbele ya kioo, ndipo tumchore. Mazoea yana tabu, mwenzangu.

Leo tuko ofisi yetu mpya hapa Burbank, tunangoja watu wa televisheni waje kuamua kama watanunua katuni yetu ya bata bukini. Nikaona kioo kirefu koridoni. Nikamtembeza bata pale pale: makalio nje, shingo mbele, na ule mlio wake.

Kumbe ni dirisha la chumba cha mikutano. Wewe wa nje unajiona mwenyewe, wa ndani wanakuona wewe. Na wageni walishakaa. Wote. Wananitazama.

Ofelia akafungua mlango. "Shoga, umemaliza au bado unataga?"

Nilitaka ardhi ipasuke. Bosi wao, Bi Pruitt, anafuta machozi ya kicheko. "Tunamchukua bata wenu. Ila mwendo huo msiuguse."

Mwendo huo, Noreen. Ule wako wa siku ya harusi, viatu vinakubana, unaelekea madhabahuni.

Usinipigie kwanza.