Sifa za Mshono Usio Wangu

Duka la kushonea,
Chumba cha mbele.
Jumapili, tarehe 9.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo dada? Miguu inaendeleaje? Na shemeji, bado anakoroma mpaka majirani wanagonga ukuta? Sisi huku wazima. Mimi mzima kuliko wote, meno yangu yote ninayo, ukiacha yale yaliyong'oka.

Huwa mke wa mwanangu ndiye anayeniandikia. Hii naandika mwenyewe, utaona kwa nini. Herufi zimekuwa kubwa kama za bango, usicheke.

Unanijua mimi ni fundi wa namna gani. Mtaa huu hakuna suruali iliyokaa vizuri kiunoni ambayo haikupita kwenye cherehani yangu. Siringi, nasema lililopo. Huyo mkwe nilimfundisha mwenyewe, sasa anashona kwenye cherehani ya pili, karibu na mlango.

Sasa sikiliza. Macho yamepungua kidogo. Kidogo tu. Lakini vidole vyangu havidanganyiki. Juzi nilipapasa pindo la suruali niliyoishona siku iliyotangulia, mshono umenyooka mno. Si wangu. Nikaamua kupima.

Suruali iliyofuata ilikuwa ya mpiga picha. Mfuko wa nyuma nikaushona makusudi mdomo ukiangalia chini. Kesho yake akaja, akaivaa, akajigeuzageuza kwenye kioo, akatia mkono mfukoni. "Mzee Mkasi," akasema, "mkono wako haujazeeka." Mfuko umekaa sawasawa.

Nikamtazama mkwe wangu. Alikuwa anatunga uzi kwenye sindano yenye uzi tayari.

Basi ndivyo ilivyo, mdogo wangu. Nikiondoka, anafumua kazi yangu na kuishona upya. Tangu lini, sijui. Nami natembea mtaani kifua mbele, na sifa zenyewe za mtu mwingine.

Nikaona niseme kweli. Alipokuja mwalimu kuchukua koti lake, akaanza kunisifu, nikamwambia, "Mwalimu, hii si kazi yangu, ni ya huyu binti." Akacheka mpaka akashika ukuta. "Leo mzee umekuja na mtindo mpya wa kujisifu." Nikaapa. Akazidi kucheka. Mkwe akasema taratibu, bila kuinua kichwa, "Baba anatania tu." Miaka yote nikijisifu waliniamini. Siku nimesema kweli, nimekuwa mchekeshaji.

Nimekwama. Nikimkabili nitamvunja moyo, maana hakufanya kwa ubaya. Na mwanangu akisikia atasema baba ukapumzike. Nikapumzike nifanye nini, nitazamane na dari? Nikinyamaza, yeye anafanya kazi mara mbili na jina ni langu. Niache cherehani? Hilo siwezi. Nakwambia wewe tu, siwezi.

Wewe una akili kuliko mimi, ingawa sijawahi kukuambia. Ukiona njia, nionyeshe. Mimi kwa sasa nasingizia mgongo, natoka dukani mapema, ili afumue na kushona kungali na mwanga.

Msalimie shemeji, na binti zako, na yule kitinda mimba mwenye maneno mengi. Mungu akushike mkono kila unapoinuka, na akulaze bila maumivu.

Ni mimi nikupendaye hata nikinuna,
Kaka yako.