Masizi ya Chungu cha Martina

Alhamisi, mwezi wa sita, 1956. Mvua imekwisha, maji bado yamesimama bondeni. Jua kali. Moyo mzito.

Leo nimejua nimefanya ujinga. Naandika ili nisijidanganye baadaye.

Wiki ya pili hii nafanya kibarua misheni. Napanga vyungu, vigoda na vinu vya Bwana Renato kwenye masanduku, natia mabua ya mpunga katikati visivunjike. Vinakwenda Italia, kwenye nyumba ambayo watu wanaingia kutazama vitu tu. Yeye ndiye mtunzaji wake.

Kazi ya mtu huyu ni ya ajabu. Padri alitueleza. Kwao makanisa yana picha za zamani ambazo aliyechora hakuandika jina. Bwana Renato toka ujana anazunguka kuzitazama. Anatazama masikio, kucha, mikunjo ya nguo. Mwisho anasema, hii na ile ni mkono mmoja, na mtu wake ni fulani. Ndivyo alivyopata cheo. Wakati wa vita alizificha picha hizo kwenye ghala la mvinyo, akawa analala nazo humo, mabomu yanaanguka.

Beda, mwenzangu wa kibarua, alicheka. "Mzungu anasoma masikio! Akisoma la kwako, Kasiani, atajua halisikii la mtu."

Mimi sikucheka. Nilikuwa nawaza jina.

Kila chungu kina karatasi yake. Bwana Renato anauliza nani alikifinyanga, Padri anaandika. Kama hakuna anayejua, anaandika Hajulikani.

Martina wangu ana miaka mitatu kaburini. Msalaba niliomchongea umeliwa na mchwa, jina halisomeki. Picha hatukupiga. Watoto Mungu hakutupa. Nikifa mimi, nani atasema alikuwepo?

Chungu chake kimebaki kimoja. Alikifinyanga mwenyewe, akanipikia humo toka tulipohamia hapa Kibaoni. Toka afe sijakitia moto. Napikia sufuria. Nikirudi kazini nakikuta kwenye mafiga, cheusi vilevile alivyokiacha.

Jana nikaamua nikitoe. Jina lake liandikwe, likakae kwenye nyumba yenye kufuli.

Sasa, kwetu humpi mgeni chombo kichafu. Mama yangu angenichapa. Jana jioni nikaenda nacho mto Lumemo, nikakisugua. Mchanga, majivu, gunzi la mahindi. Maji yakawa meusi. Nilisugua mpaka vidole vikauma, na nilikuwa na furaha. Kikarudi chekundu kama siku kilipochomwa.

Asubuhi nikavaa shati la Jumapili, nikakipeleka. Beda akaniona kwa mbali. "Eh, bwana harusi! Unakwenda kumposa nani na chungu kinachong'aa kuliko kipara cha Padri?"

Bahati Padri hakusikia.

Bwana Renato alikipokea kwa mikono miwili. Akakigeuza chini. Wakasemezana na Padri kwa lugha yao.

Padri akaniambia polepole, "Mzee Kasiani, bwana anasema hiki hawezi kukichukua. Anataka chombo kama kilivyotoka jikoni. Yale masizi ndiyo anayotafuta."

"Si uchafu, Padri?"

"Anasema ni moto wa mama mwenye nyumba. Miaka yake yote ilikuwa pale."

Nikakaa chini palepale. Moto wa Martina nimeumwaga mtoni kwa mkono wangu mwenyewe.

Bwana Renato akavuta sanduku, akakaa karibu na mimi. Alisema mengi, Padri akawa ananifasiria. Alipokuwa kijana walimpa picha ya Bikira Maria, nyeusi kwa moshi wa mishumaa, aisafishe. Akasafisha. Akafurahi kuona rangi zinatokea. Alipomaliza, uso wa Maria ulikuwa umetoka pamoja na moshi. Haukurudi. Amepata vyeo, ameandika vitabu, lakini mpaka leo akiingia kanisa lile anakaa nyuma kabisa.

Hakuniambia nisijali. Nilimshukuru kwa hilo.

Halafu akakishika tena chungu changu, akapitisha kidole kwenye mchoro wa shingoni. Akasema aliyekifinyanga anatumia mkono wa kushoto, maana mistari imelala kinyume na ya wenzake. Na pale mchoro unapokutana amebonyeza dole gumba.

Mimi sikuwa nimemwambia mtu. Martina alikuwa wa kushoto. Mama yake alimpiga sana kwa hilo.

Bwana Renato akainuka mbio, akafungua sanduku nililofunga juzi, mabua akayatupa huku na huku. Akatoa chungu cheusi alichopewa kule Mofu na bibi mmoja mpika samaki. Kilikuwa na karatasi ya Hajulikani. Akaviweka pamoja. Mistari ileile, imelala vilevile. Dole lilelile.

Martina wangu ni mzaliwa wa Mofu.

"Mkono mmoja," Padri akasema.

Juzi nilikibeba chungu kile kifuani. Nikakivisha mabua, nikapigilia misumari. Sikumjua mke wangu.

Padri akafuta Hajulikani. Akaandika: Martina, wa Mofu. Nilimwomba anisomee mara mbili, ingawa herufi nazijua. Beda naye akaja kutazama. Alivua kofia.

Basi jina linakwenda Italia. Linakwenda na masizi ya jiko la mtu mwingine.

Changu nimerudi nacho. Kiko hapa kwenye mafiga, chekundu, kama hakuna mtu aliyewahi kuinama hapa akapuliza moto. Najiuliza kama Martina angecheka au angenisema.

Angenisema.

Kesho nikitoka kazini nitawasha moto nipike humo. Masizi yatakuwa yangu, si yake. Lakini dole lake liko palepale shingoni, na nitakuwa naligusa kila ninapoipua.